Wema Hauozi, JPEG Huoza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Magomeni hapa Bagamoyo, nachora kwenye kishikwambi. Nimemchora mama aliyejitanda kanga mbele ya mlango wa nakshi, na nyuma yake kuna bahari na jahazi. Turubai nililofungua ni lile la Instagram. Nilimtumia mwenye duka la uchapaji kwa WhatsApp anitolee A3, ikatoka ina ukungu, jina la kanga halisomeki vizuri, na bahari yangu imekuwa kama maji ya mtoni. Yeye anasema nimpelekee TIFF au PDF. Rafiki yangu anasema PNG ndiyo mwisho wa maneno. Mteja wangu wa Ujerumani anataka JPEG. Nataka pia kutoa kadi za posta na stika niuze wakati wa tamasha pale Chuo cha Sanaa. Nisevu kwa fomati gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza swali moja lakini limebeba mengine matatu mgongoni, na hilo la fomati ndilo jepesi kuliko yote. Nianze na lile ambalo hukuliuliza, maana ndilo lililokuharibia A3.

Turubai la Instagram lina pikseli, yaani vile vidoti vya rangi vinavyounda picha, 1080 kwa 1350. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 29.7, yaani kama inchi 11.7. Zigawe zile 1080 kwa 11.7, utapata pikseli 92 kwa kila inchi, wakati picha ya kutazamwa karibu na macho huhitaji 300 hivi. Kwa kipimo hicho cha 300, pikseli ulizonazo zinatosha picha ya sentimita 9 kwa 11.4. Hiyo haifiki hata kadi ya posta. Mwenye duka ungempelekea TIFF, ungempelekea PDF, ungempelekea faili lililofukizwa udi, ukungu ungekuwa ule ule. Fomati kazi yake ni kutunza pikseli zilizopo, haizai nyingine.

Usije ukadanganywa na ile sehemu ya DPI, yaani idadi ya pikseli kwa kila inchi, inayotokea wakati wa kusevu. Ukifuta 72 ukaandika 300 bila kuongeza pikseli, umebadilisha maelezo tu. Picha ni ile ile, ila sasa inajieleza kuwa ni ndogo zaidi. Vijana wengi wamenijia na faili la namna hiyo, wamevimba kifua kwamba tatizo wamelimaliza.

Kwa A3 ya kweli fungua turubai la pikseli 3508 kwa 4961. Kwa A4 ni 2480 kwa 3508. Najua utaniambia kishikwambi kinagoma, na kinagoma kwa haki: tabaka moja tu la A3 lililojaa rangi linakula karibu megabaiti 70 za kumbukumbu, na wewe unataka matabaka ishirini. Ndiyo maana programu nyingi hupunguza idadi ya matabaka kadiri turubai linavyokua. Kama kifaa ni dhaifu, chora kwa pikseli 200 kwa inchi, yaani 2339 kwa 3307. Picha ya kutundikwa ukutani na kutazamwa kwa hatua mbili inavumilia hilo bila mtu kulalamika. Ila anza na kubwa kila mara. Kupunguza ni kazi ya sekunde, kuongeza ni kuchora upya.

Sasa jina la kanga. Umemwandikia mama yule "Wema hauozi", herufi nyekundu juu ya weusi, na nikiikuza picha uliyoniletea naona kila herufi imezungukwa na vumbi la rangi. Hapo JPEG inastahili lawama zake.

JPEG ilitoka mwaka 1992, na ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande inatupa yale mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyakamati kwa urahisi. Haiishii hapo. Inatenganisha mwanga na rangi, na kwa kuwa jicho la binadamu ni hodari wa mwanga kuliko rangi, mara nyingi huitunza rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Maana yake pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa picha ya kamera ya wavuvi wakipakua samaki ufukweni asubuhi, hutagundua kitu, na faili litakuwa dogo ajabu. Lakini herufi nyekundu na ardhi yake nyeusi hutofautiana zaidi kwa rangi kuliko kwa mwanga, kwa hiyo JPEG inapoifinya rangi, wekundu unavuja nje ya herufi. Lile vumbi linalobaki kando ya mistari wahandisi wa picha huliita kelele ya mbu, jinsi linavyozunguka pale pale bila kutua. Mtu wa Bagamoyo wakati wa masika hahitaji ufafanuzi zaidi.

Na kila ukiifungua JPEG, ukagusa kidogo, ukaisevu tena, inakata na kutupa upya. Wema hauozi, lakini JPEG huoza. Hapa niwatoe watu hofu: kuifungua tu na kuitazama hakuidhuru, wala kuinakili kwenye flashi. Kinachoiozesha ni kuisevu upya baada ya kuihariri, na kuipitisha kwenye mitandao inayoibana kila inapopita. Kilichokwisha kutupwa hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Ukiigeuza JPEG iliyooza kuwa PNG, utapata PNG nzito yenye vumbi lile lile, limetunzwa kwa uaminifu mkubwa. Wapo hata wanaobadilisha tu herufi za mwisho wa jina la faili, .jpg ikawa .png, wakaridhika. Hao wamebandika lebo ya asali kwenye chupa ya mafuta ya taa.

Rafiki yako anayeisifia PNG ana nusu ya ukweli, na nusu yenyewe ni nzuri. PNG hubana bila kutupa chochote: pikseli uliyoingiza ndiyo utakayoitoa, hata ukiisevu mara mia. Ilizaliwa kwa ugomvi. Zamani watu walitumia GIF, ya mwaka 1987, ambayo ina rangi 256 tu, na mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba watengenezaji wa programu watalipia haki ya njia ya kubana iliyomo ndani yake. Watu wakachukia, wakakaa, wakatengeneza yao isiyo na malipo, na kufikia 1996 PNG ilikuwa tayari. Nakwambia haya ili usije ukatumia GIF kwa mchoro wowote unaoupenda. Iachie vikatuni vinavyochezacheza.

PNG inapenda rangi bapa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya ubao. Rangi inakaa tambarare na mpaka wake unaonekana wazi. Mchoro wa mtindo huo ukiwa wa kidijitali, PNG inaubana vizuri sana, kwa sababu haina haja ya kuandika bluu, bluu, bluu mara elfu moja. Inaandika kwa mkato kwamba bluu inaendelea hadi pale. Mlango wako ni habari nyingine. Umeupaka kwa brashi yenye chembechembe, kila pikseli ina rangi yake, na hapo PNG inavimba. A3 kamili ikiwa haijabanwa ni kama megabaiti 52, na mchoro wa chembechembe haushuki sana chini ya hapo. Bando likiisha usimlaumu PNG.

Ile nusu ya ukweli ambayo rafiki yako hakuitaja ni hii: PNG haina nafasi ya rangi nne za wino wa kiwandani. Kwa hiyo mwenye duka alipokuomba TIFF au PDF hakuwa anajitia ujuzi.

Kabla sijafika kwake, niulize jambo. Faili mama liko wapi? Simaanishi ile picha iliyo kwenye galari. Namaanisha lile faili la programu yenyewe, lenye matabaka yote, mama peke yake, mlango peke yake, bahari peke yake. Kwa Krita mwisho wake ni .kra, kwa Procreate ni .procreate, kwa Photoshop ni .psd. Hilo ndilo mchoro. JPEG, PNG na wenzake wote ni watoto wake, na mtoto hazai mtoto: ukihitaji toleo jingine, rudi kwa mama. Mimi niliwahi kudhani programu ya simuni inanitunzia. Simu ikatumbukia majini nikishuka kwenye mashua, na michoro ya miezi minane ikazama nayo. Nilichobaki nacho ni vile vipande nilivyokuwa nimevitupia mtandaoni, vingine vidogo kuliko kiganja. Tangu siku ile kila kazi ikiisha natoa PSD yenye matabaka, maana programu nyingi zinaisoma hata nikihama kifaa, na PNG moja ya ukubwa kamili. Naziweka mahali pawili, na mahali pamoja kati ya hapo si mfukoni mwangu.

Sasa bahari yako. Kioo kinatoa mwanga: nyekundu, kijani na bluu zinawaka pamoja. Karatasi haiwaki. Inasubiri mwanga wa jua au wa taa uigonge, wino uumeze sehemu, kinachobaki ndicho unachokiona. Wino wenyewe ni wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na zipo rangi za kioo ambazo huzifikii hata uchanganye vipi. Ile feruzi kali uliyoipaka bahari yako ni mojawapo. Machungwa yanayowaka na kijani cha mwanga vimo kundini humo. Mashine ikikutana na rangi isiyoiweza inachukua jirani yake wa karibu, na jirani wa feruzi yako ni huyo uliyemwita maji ya mtoni. Hakuna fomati ya kuzuia hilo. Unachoweza ni kuliona mapema: Krita na Photoshop zote zina namna ya kukuonyesha kiooni jinsi wino utakavyotoka, ukarekebisha wewe kabla mashine haijajiamulia. Mara nyingi dawa ni kuizimisha kidogo mbingu iliyo jirani, ili bahari iliyopoa ionekane bado inang'aa kwa kulinganishwa. Wapaka rangi wa zamani walijua hila hiyo bila kompyuta.

Angalia pia wasifu wa rangi wa turubai, yale maelezo yanayokiambia kifaa namba za rangi zisomwe vipi. Vishikwambi vingine, hasa iPad, huchora kwa wigo mpana uitwao Display P3. Faili hilo likifika kwenye kifaa au programu isiyosoma wasifu wake, rangi zinapauka hata kabla ya kugusa karatasi. Unapotoa faili la kwenda kwa watu, chagua sRGB, wigo wa kawaida ambao vifaa vingi huuelewa, na uache wasifu uwe umeambatishwa ndani.

Kwa mwenye duka, muulize kwanza anachapa kwa mashine gani. Kama ni ile ya kidijitali ya kutoa nakala kumi au ishirini, mpe TIFF au PDF ya sRGB, usijigeuzie mwenyewe kwenda rangi nne. Mashine yake ina mgeuzo wake unaoujua wino wake, na utafanya vizuri kuliko wewe unayebahatisha. Kama ni kiwanda cha mabamba kinachotoa maelfu, hapo wanaweza kutaka CMYK, yaani zile rangi nne za wino, na ni juu yao kukupa wasifu wa kutumia. Wakikupa, geuza nakala. Mama asiguswe.

TIFF ni mzee wa mwaka 1986 na bado ana nguvu. Haitupi kitu, inabeba rangi tatu au nne, inabeba hata kina kikubwa cha rangi. Itoe ikiwa imebanwa kwa LZW, ambayo haipunguzi ubora, na uyaunganishe matabaka yawe moja kwanza, maana programu si zote zinazosoma matabaka ya TIFF. Kwa picha ya ukutani ya kuuza kwa bei, hiyo ndiyo chaguo langu.

Kwa kadi za posta nachagua PDF, na sababu yake iko upande wa nyuma wa kadi. Utaandika jina lako, labda "Mji Mkongwe, Bagamoyo", na mstari wa anwani. Ukiandika maneno hayo ndani ya programu ya kuchorea yatageuka pikseli, na weusi wake utachapwa kwa wino zote nne. Bamba moja likicheza unywele, herufi ndogo zinaota vivuli. Ndani ya PDF herufi zinabaki kuwa maumbo safi, na unaweza kuziamuru zitumie wino mweusi peke yake. Hakikisha fonti imeambatishwa, ama umezigeuza herufi kuwa maumbo, la sivyo kompyuta ya duka itakuchagulia fonti yake na utajuta. Lakini usiiogope PDF kama mganga. PDF ni kapu tu. Ukitia ndani samaki aliyeoza, kapu halimfufui: programu nyingi hubana picha kwa JPEG ndani ya PDF bila kukuuliza, hasa ukichagua faili dogo la mtandaoni. Chagua ubora wa kuchapa.

Kadi iwe na ziada ya milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba kisiache mstari mweupe. Kadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148. Ukiongeza ziada inakuwa 111 kwa 154, ambayo kwa 300 ni pikseli 1311 kwa 1819. Usiweke sahihi yako karibu na ukingo. Itakatwa.

Stika ndipo rafiki yako anapopata ushindi wake. Unamtaka mama na kanga yake bila mstatili mweupe nyuma, na JPEG haijui kitu kinachoitwa uwazi. Pasipo rangi inajaza nyeupe, au nyeusi kwa baadhi ya programu. PNG inabeba uwazi kwa viwango, hata ukingo laini wa ushungi. Zima tabaka la nyuma kabla ya kutoa, kisha iweke juu ya kijani kikali uichunguze: kama umewahi kuifuta nyeupe kwa fimbo ya uchawi ya programu, utaona uzi mweupe umebaki kuzunguka mwili. Usafishe sasa, maana kwenye stika nyeusi utaonekana toka ng'ambo ya barabara. Fulana nazo ni hivyo hivyo. Mkata stika anaweza kukuomba pia mstari wa kisu, na huo lazima uwe vekta, yaani mchoro wa mistari isiyo ya pikseli, kwa faili la SVG au PDF, kwa sababu kisu kinafuata njia, hakifuati pikseli. Kubandika PNG ndani ya SVG hakuifanyi kuwa vekta. Ni kapu lile lile.

Mteja wa Ujerumani mpe JPEG anayoitaka, ni haki yake na ni chaguo zuri kwa kutazama kiooni. Itoe kutoka kwa mama, sRGB, ubora wa 90 kwenda juu, na programu ikikuruhusu kuzuia ile tabia ya kugawana rangi, izuie kwa ajili ya jina la kanga. Kabla hajalipa, upande mrefu usizidi pikseli 1500. Akishalipa ndipo umpe kubwa.

WebP, ya Google tangu 2010, itumie kwenye tovuti yako ukiwa nayo. Ni nyepesi na inabeba uwazi, ila maduka mengi ya uchapaji wana programu za zamani zitakazoikataa. HEIC ndiyo simu za iPhone hutumia kwa picha za kamera, kwa hiyo utakutana nayo ukipiga picha za milango kwa rejea. Usitoe mchoro kwa HEIC.

Na WhatsApp. Ukituma kama picha, inabanwa kuwa JPEG na kupunguzwa pikseli, hata ungeanza na PNG nzuri namna gani. Tuma kama waraka, kule kunakotumwa PDF na mikataba. Faili linafika kama lilivyoondoka. Duka likiwa hapo hapo mjini, mimi bado napenda flashi, kwa sababu nikishafika naomba kuliona faili limefunguliwa kwenye kompyuta yao mbele yangu, niikuze picha hadi asilimia 100 na nisome jina la kanga.

Mchoro huu wa mama na mlango usiuchape A3. Toa kadi ya posta ndogo kutoka kwake, inatosha ukipunguza ukubwa, kisha ufungue turubai la 3579 kwa 5032, yaani A3 pamoja na ile ziada ya milimita 3 kila upande, na uchore upya juu ya ule wa zamani. Umeshaujua, hautakuchukua muda kama wa kwanza. Ukimaliza usilipie nakala zote. Lipia moja, itoke kwa karatasi ile ile utakayoiuza, na uitoe nje ya duka. Baadhi ya taa za ndani huwa na ubluu, zinaipendelea bahari. Itazame juani.